Ukija Kisumu na Wazazi, Usilishwe Mandhari

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Dada, nakuja Kisumu na wazazi wangu kwa treni. Tutakula wapi? Halafu baba hanywi chai, yeye ni kahawa tu." Nilirudia ujumbe huo mara tatu, kwa sababu swali hilohilo liliwahi kunitoa machozi.

Mwaka wa 2018 wakwe zangu walikuja Kisumu kwa mara ya kwanza. Wao ni watu wa Nyeri, mimi ni mtoto wa huku ziwani, na baada ya uchaguzi wa 2017, uliozidisha uhasama wa kisiasa kati ya jamii zetu, hakuna Mkenya asiyejua safari kama hiyo ilikuwa na uzito gani. Niliweka akiba miezi miwili, nikawapeleka kwenye hoteli moja yenye vioo kuanzia sakafuni hadi darini, ziwa lote mbele ya macho. Baba mkwe akaagiza kahawa. Akaletewa kikombe cha maziwa ya moto na kipakiti cha unga kando yake.

Mzee huyo amechuma kahawa tangu ujana wake. Anajua kwamba kilo moja ya kahawa iliyokobolewa hutokana na kilo sita hivi za matunda mekundu, uliyochuma kwa mkono na kuyafikisha kiwandani siku hiyohiyo. Alikigeuza kile kipakiti, akakisoma mbele na nyuma, akakiweka mezani bila kukifungua. Samaki alikuja baada ya saa moja na nusu, mkavu, hana ladha. Nilipomfuata mhudumu pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni samaki wa barafu kutoka China. Na sisi tunaliona Ziwa Victoria kupitia kioo!

Baba mkwe alikula nusu, akanishukuru, akasema ziwa linapendeza. Kuhusu chakula hakutamka neno. Kimya kile bado kinaniuma.

Kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Kosa langu lilikuwa kuchagua dirisha badala ya jiko. Mji huu tangu zamani ni mji wa kutafuta chakula: wazee wetu husimulia kwamba jina Kisumu linatokana na safari za kwenda kubadilishana bidhaa ili upate cha kula. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika hapa, msumari wa mwisho uligongwa tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara wa Kihindi na maduka yao, na chapati zao tukazifanya zetu. Marehemu baba yangu alikuwa akinipeleka vibanda vya Lwang'ni, karibu na bandari, ambako mvuvi, karani na mbunge walikula kwenye benchi moja. Vibanda hivyo vilibomolewa bandari ilipokuwa ikikarabatiwa, na mimi ninavililia bado.

Siku hizi nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, asubuhi ikiwezekana, mitumbwi ikiwa imerudi. Desemba iliyopita ndiko nilikowapeleka wakwe zangu tena, na safari hii nilimwacha baba mkwe achague samaki wake mwenyewe. Nilimwonyesha: inua shavu, uone kama ndani ni jekundu; tazama jicho, liwe angavu; bonyeza nyama, irudi. Alichagua ngege, yaani sato, mmoja mpana. Mama jikoni akamchanja mistari mitatu kila upande, akampaka chumvi, akamshusha kwenye karai, na mafuta yakaguruma mpaka tukasogea nyuma. Baadaye akamrudisha kwenye nyanya na vitunguu. Ukaja ugali wa mtama, ukaja na osuga, mnavu wetu, uliolazwa kwenye maziwa hadi uchungu ukaisha. Tulinawa, tukala kwa mkono. Baba mkwe alinyonya mifupa yote, kisha akaniambia, "Mama Wambui, leo umenipa chakula." Sitaisahau sentensi hiyo.

Kahawa sasa. Inasikitisha kwamba neno mkahawa limezaliwa na kahawa, ilhali ukiingia mikahawa yetu mingi utakuta birika la chai ya maziwa, na kahawa ni ile ya kipakiti. Kahawa nzuri ya Kenya karibu yote huuzwa ng'ambo. Kwenye majumba ya maduka ipo mikahawa yenye mashine. Huko uliza kwanza kama wanasaga mbegu au wanakoroga unga. Uliza kabla ya kuketi. Uliza hata kama mhudumu atakunja uso.

Lakini mimi nampenda mzee mmoja anayeuza kahawa chungu karibu na Msikiti wa Jamia. Ana birika la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mikono, na tangawizi inayokufikia puani kabla hujafika. Mbegu ananunua kwa watu wa Bungoma, wanaolima kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na anazikaanga mwenyewe. Baba mkwe aliomba aonyeshwe moja. Akaipasua kwa ukucha, akainusa, akafumba macho. Kisha wazee wale wawili wakazungumza bei, mvua na viwanda vya ushirika kwa karibu saa nzima, huku mama mkwe na mimi tukila tende. Alikunywa vikombe vinne.

Tuache tabia ya kuonea haya vya kwetu mgeni anapokuja. Tunamkimbiza kwenye kioo na kitambaa cheupe kana kwamba hajawahi kuviona, na tunamnyima kile alichokisafiria. Mkulima mheshimu kwa kahawa iliyopikwa. Mzazi mheshimu kwa samaki aliyemchagua mwenyewe. Uliza samaki ametoka wapi, na usipojibiwa vizuri, inuka uende.

Yule muuza kahawa hutokea baada ya swala ya magharibi. Beba sarafu, na mwambie baba yako asiombe sukari kabla hajaonja.