Neno "nice": maana, matumizi na asili yake

Ndugu uliyeuliza kama neno la Kiingereza "nice" ni "zuri" tu basi, na limetoka wapi, nakujibu kwa kirefu kidogo. Kazi yangu ni kuhariri tafsiri, na neno hili nakutana nalo kila mara.

Kwa mazungumzo ya kawaida umepatia: ni kitu kinachopendeza. Likimhusu mtu, husifu tabia kuliko sura. "A nice man" ni mtu mwema, mpole, asiye na makuu. Ukisikia chumba ni "nice and warm", usiandike "kizuri na chenye joto". Sifa ni moja tu: kina joto zuri.

Mtego uko kwenye "a nice distinction". Wengi huandika "tofauti nzuri", nami huifuta kila ninapoikuta. Maana yake ni tofauti ndogo mno, inayotaka jicho kali kuiona. Utaikuta zaidi kwenye maandishi ya sheria na falsafa, na hapo hakuna anayesifiwa.

Maana hiyo ndiyo kongwe kuliko ya kupendeza. Mzizi ni neno la Kilatini "nescius", yaani asiyejua: "ne" hukanusha, "scire" ni kujua. Kwa "scire" hiyohiyo ndiko ilikotoka "science", ambayo sisi tunaiita sayansi, kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu wa damu! Kifaransa cha kale kikapata "nice" kwa maana ya mjinga, na Kiingereza kikalichukua hivyo hivyo karibu na mwaka 1300. Enzi hizo kuitwa "nice" lilikuwa tusi. Baadaye likawa la mtu mwenye haya, kisha mchaguzi asiyeridhika upesi, na kwa huyo mchaguzi ndipo ilipozaliwa maana ya umakini, miaka ya 1500. Kupendeza kulikuja karne ya 18.

Likaenea haraka mno. Katika Northanger Abbey, riwaya ya mwandishi Mwingereza Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, mhusika Henry Tilney anamtania msichana kwa sababu neno hili sasa linabandikwa kila kitu. Namuunga mkono. Kwenye insha ya Kiingereza, kama mtu ni mkarimu andika "generous". Msomaji atamwona vizuri zaidi.

Mji wa Nice kule Ufaransa hauhusiki kabisa. Hutamkwa "nis", na jina lake lina asili ya Kigiriki.