Ushuru wa matunda ya nje na mkulima wa Lindi

Je, mkulima wa matunda naye analindwa kama wa korosho? Ndiyo, analindwa, ila ulinzi wake uko mpakani, si ghalani kama wa korosho: tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35 kwa matunda mengi yatokayo nje ya Jumuiya. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka mazao ghalani yauzwe kwa mnada, haiwezi kumfaa mkulima wa nyanya, kwani tenga nililolishusha mwenyewe hapa Lindi Jumatatu lilikuwa likivuja maji kufikia Alhamisi, na mnada haumsubiri mtu wa namna hiyo. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23, humfikia naye akijisajili. Hata hivyo, matufaha ya Afrika Kusini yenye cheti cha uasilia cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), yaani hati ya kuthibitisha yalikotoka, hupata nafuu ya ushuru, na machungwa yetu hushindana nayo meza moja.