Kwa vijana wa mipango miji mlioripoti Kusini

Juzi kijana mmoja, hodari kweli, alinionyesha mchoro wake wa urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, hapa Lindi. Viwanja vimenyooka, barabara zina upana wake, ila katikati kuna korongo naye amelikata viwanja. Nikamwuliza alikwenda saiti lini. "Agosti, mzee." Nguvu zikaniisha.

1. Msiitishe mkutano wa mtaa msimu wa korosho. Mtabaki na mwenyekiti na mtendaji.

2. Saiti ni mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua. Hili nimelilipia, na wengine wamelilipia zaidi yangu. Nilikuwa mgeni kama ninyi, nikapewa eneo karibu na ghuba. Nilifika Julai, kusi inavuma, ardhi imekauka. Kwenye picha ya setilaiti lile korongo lilikuwa kama njia ya miguu tu. Bibi mmoja aliyekuwa akianika makopa akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo maji huja. Si kila mwaka, ila huja." Nikamshukuru, nikaendelea kuchora. Mchoro ukapita, bikoni, zile nguzo za mipaka ya viwanja, zikasimikwa, watu wakajenga kwa hela za korosho za misimu mitatu, minne.

Kisha mvua kubwa ikakutana na bamvua, yale maji makuu ya bahari ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Pwani yetu, bamvua hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita 3. Bahari ikijaa, mto hauna pa kumwaga, maji yanarudi majumbani. Na yalikuwa yameshuka kutoka mlimani, kulikokwisha kufyekwa, ambako mimi sikuwahi kufika kwa sababu mchoro wangu uliishia mpaka wa mtaa. Asubuhi yake baba mmoja alinionyesha hati yake imelowa chapachapa. "Afisa, si ninyi mlionipimia hapa?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

3. Zile mita 60 za ufukwe zisizoruhusiwa shughuli za kudumu, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, zihesabuni kutoka maji yanapofika wakati wa bamvua, si pale mlipoikuta bahari siku mliyokwenda. Na mikoko msiiandike "pori" kwenye ramani, tafadhali! Hiyo ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi.

4. Tazameni mbali kuliko kata yenu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, wilayani Kilwa, na Lindi na Mtwara wakaonja. Mnapopanga soko, hospitali au ghala, ulizeni vitafikiwaje barabara ile ikikatika tena.

Yule kijana nimemrudishia mchoro. Korongo lake ni lile lile langu, ila huku juu. Jumamosi tunapanda naye mlimani. Bibi ametangulia mbele ya haki, lakini wanawe wapo, na tutaanzia kwao.