"Up" si juu tu

Kiingereza changu nilikiokota njiani, mzigo wa kilo 20 ukiwa kichwani. Nilianza Kilimanjaro nikiwa mgumu, ndivyo tunavyojiita sisi wapagazi, baadaye nikawa mwongozaji msaidizi. Neno la mwanzo kabisa kulishika lilikuwa "up". Ungelikosaje, na kazi yenyewe ni kupanda? Up ni juu, down ni chini, pole pole ni pole pole. Nikajiona nimemaliza.

Msimu wangu wa kwanza wa kuongoza wageni, tulitoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita usiku kama kawaida, taa za kichwani zimepangana kama siafu. Mama mmoja Mwingereza akasimama, akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili, akaniambia, "I'm going to throw up." Nikapiga hesabu haraka: throw ni kutupa, up ni juu. Nikaanza kumweleza kwa adabu zote kwamba hifadhini hairuhusiwi kutupa kitu, uchafu wetu wote tunarudi nao getini. Sikumaliza. Jibu lilitua kwenye viatu vyangu.

Hiyo tulicheka. Ya pili haikuwa ya kucheka. Safari nyingine, kijana mmoja alianza kulalamika kichwa tukiwa tumeshapita mita 5,000. Nikamuuliza, tuendelee au turudi? Akasema, "It's up to you." Mimi nikasikia up, tukapanda. Kumbe alikuwa amenikabidhi uamuzi wote, na mimi nimeupokea bila kujua. Baada ya nusu saa alikuwa anayumba kama mlevi. Kiongozi wetu mkuu alipotufikia aliamuru ashushwe palepale, na huko chini akapata nafuu, maana dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka.

Mkuu hakunigombeza mbele za watu. Alisubiri tufike kambini, akanimiminia chai, akauliza, "Mdogo wangu, kwa Kiswahili ukitaka mtu aamue mwenyewe, unamwambiaje?"

Nikajibu, "Namwambia, ni juu yako."

Akanyamaza. Akaendelea kunywa chai yake.

Tangu siku hiyo nimeacha kulionea neno la watu. Sisi wenyewe juu yetu tunaifanyia nini? Kikombe kiko juu ya meza. Tumezungumza juu ya mvua. Bwana yule alikuja juu, yaani alikasirika. Somo kalielewa juujuu. Ukivuka mpaka Kenya utamsikia mtu akisema hakuja "juu alikuwa mgonjwa", na hapo maana yake ni kwa sababu. Hakuna anayeinua macho kutazama angani.

Kazi ya up iliyonifungua macho zaidi ni ile ya kumaliza. "Eat up" si kula ukitazama dari, ni kula mpaka sahani ibaki nyeupe. "Drink up", "use up", "time's up": kitu kimefika ukingoni. "Fill up" ni kujaza chupa mpaka pomoni. Sisi kazi hiyo mara nyingine tunalikabidhi neno "mbali": tupilia mbali, potelea mbali. Umbali haupo hapo, kilichopo ni jambo kwisha kabisa. Nilipoliona hilo, nusu ya vitendawili vilijitegua.

Vingine ni vya kuzoea tu. "Are you up?" mlangoni mwa hema ni kuuliza kama mtu ameamka, na anaweza kukujibu "I'm up" akiwa bado kalala chali ndani ya begi la kulalia. "Up to 20 kilos" ni hadi kilo 20. "What's up?" ni salamu, jibu kama ungejibu mambo. "Hang up" ni kukata simu: zamani simu za ukutani zilifungwa kwa kutundika kipokeo kwenye ndoana, simu zikahamia mfukoni, neno likabaki ukutani. "Make up" ndiyo shetani mwenyewe. Ni kujipodoa, ni kupatana baada ya ugomvi, tena ni kutunga uongo. "They made up" wamepatana, "they made it up" wametunga. Kijineno kimoja katikati, na ndoa imegeuka kesi. Halafu "slow up" na "slow down" zote ni kupunguza mwendo. Hapo usibishane nao.

Daftarini mwangu niliuchana ukurasa ulioandikwa "up = juu". Siku hizi naandika sentensi nzima, aliyeisema na tulipokuwa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mkia wake tumboni: funga, fungua, fungia, fungisha. Cha Kiingereza mkia hutembea peke yake nyuma, na wakati mwingine huchelewa kufika, kama katika "pick the bag up". Kwa hiyo subiri sentensi iishe ndipo utende. Na usitamani kukariri maana zote zilizomo kwenye kamusi, utazeeka. Beba za kazi yako. Wa hotelini ana "clean up", wa bodaboda ana "pick up" na "hurry up", wa duka la vocha ana "top up".

Pia rudisha swali kwa maneno yako mwenyewe, hata kama Kiingereza chako kimevunjika. Mimi "up to you" siipokei tena mlimani. Namuuliza mgeni: unataka kushuka, ndiyo au hapana?

Mlimani ya kuogopa zaidi ni "give up". Give ni kutoa, up ni juu, ukijumlisha unapata mtu anayetoa sadaka kileleni. Kumbe amekata tamaa. Ukilisikia, usimvute mkono. Mkalishe kwenye jiwe, mpe chai ya moto, muulize kama kilichochoka ni kichwa au ni moyo. Kikiwa kichwa, geuzeni mshuke. Ukiwa moyo, ngoja dakika tano bila kusema neno. Wengi huinuka wenyewe.