Wi-Fi haivuki ukuta wa matumbawe: vuta waya
Umeuliza kama repita, kile kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena, itakutatulia chumba ambacho Wi-Fi haifiki: ukiifunga ndani ya chumba hicho haitakusaidia, mkuu. Kuta za nyumba za zamani hapa Bagamoyo ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kwelikweli, na repita hurudia kile inachopokea tu. Simu itaonyesha mistari yote, kasi hakuna.

Anza na cha bure: unganisha simu kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz badala ya 5 GHz, maana hiyo hupenya ukuta vizuri zaidi, na usogeze ruta itazamane na uwazi wa mlango. Ikigoma, vuta waya wa mtandao wa Cat6 (mwisho mita 100) kutoka ruta ya kwanza hadi chumbani, ufunge ruta ya pili, hata ile kuukuu. Wengi huharibu hapa: kwenye ruta ya pili waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la kuingizia intaneti). Zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao) ya ruta ya pili, uipe anwani yake, mfano 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1. Ukiacha DHCP zikigawa zote mbili, vifaa vingine vitashika Wi-Fi bila intaneti na utalaumu kampuni bure. Jina na nywila za Wi-Fi kwenye ruta zote mbili zifanane. Chaneli za 2.4 GHz zitofautiane, 1 na 6 au 11.

Waya uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Ukipitia nje, chukua ule wa nje wenye ganda jeusi linalostahimili jua, na vichwa vyake vibaki ndani. Upepo wa chumvi huvila.