Kusomea sheria Uganda: maswali ya wasomaji na majibu

Maswali mengi yaliyoifikia safu hii katika siku za karibuni yanahusu jambo moja, yaani namna ya kujiandaa na kuomba nafasi ya shahada ya sheria katika vyuo vikuu vyetu. Nimechagua saba. Mimi ni wakili, si afisa wa udahili, kwa hiyo pale ambapo kila chuo kina utaratibu wake nitamwelekeza msomaji kwenye tangazo la chuo chenyewe.

Shikamoo wakili. Nipo S.4, yaani kidato cha nne, hapa Jinja. Mwalimu ameniambia kwamba anayetaka sheria lazima achukue Historia, Fasihi na Dini, lakini mimi napenda Hisabati na Uchumi. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako anakueleza desturi, wala si kanuni. Shahada ya sheria haimlazimishi mwombaji kuwa na somo fulani la S.6, sharti la msingi ni kufaulu angalau masomo mawili makuu. Historia na Fasihi zinapendwa kwa sababu zinamzoeza mwanafunzi kusoma kurasa nyingi na kuandika hoja, jambo ambalo ni kweli, lakini Hisabati nayo humfundisha mtu kutoruka hatua, na nimewaona mawakili wa kesi za kodi wakiishukuru. Chagua masomo utakayoyafaulu vizuri, kwa maana A moja ina pointi 6 na E ina 2 tu, na waombaji wa sheria ni wengi mno kiasi kwamba kiwango cha chini hakimfikishi mtu mbali. Usiidharau GP, yaani karatasi ya maarifa ya jumla, kwa sababu ina pointi moja. Ndiyo karatasi ya S.6 inayofanana zaidi na kazi utakayoifanya chuoni.

Mimi nimemaliza S.6 mjini Mbale. Nimesikia kwamba kuna mtihani wa kuingilia kitivo cha sheria na kwamba wengi wenye pointi nzuri huanguka. Je, ninunue vitabu vya sheria nianze kukariri?

Usinunue. Vyuo vinavyoweka mtihani huo haviulizi sheria usiyoijua. Vinapima kama unaelewa unachokisoma, kama unaweza kuandika aya inayosimama yenyewe, kama unafuata mantiki na hesabu ndogo ndogo, na kama unajua yanayotokea nchini mwako na duniani. Soma kwanza tangazo la chuo unachokiomba, la mwaka huu na si la mwaka jana, ili ujue kama mtihani upo, ada yake ni kiasi gani na tarehe ya mwisho ni lini, kwa sababu taratibu hizi hubadilika na uvumi wa mitaani hauzifuati.

Wanaoanguka wakiwa na pointi nzuri, kwa uzoefu wangu wa kuwasaidia vijana kujiandaa, huanguka kwa sababu wamezoea kujibu kwa kumbukumbu. Ukimpa mmoja wao habari ya ukurasa mmoja na kumuuliza mwandishi anadai nini, anakueleza anachokifahamu yeye kuhusu mada hiyo. Dawa yake ni mazoezi ya kila siku, nayo hayana gharama kubwa. Soma tahariri ya gazeti, ufunge gazeti, uandike kwa sentensi tatu mwandishi anadai nini na kwa sababu gani, kisha uandike sentensi mbili za kumpinga hata kama unakubaliana naye. Fanya hivyo kwa miezi miwili, halafu uingie kwenye hukumu halisi, ambazo zinapatikana bure katika tovuti ya ULII, hifadhi ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Uganda.

Anza na rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Susan Kigula na wenzake 417, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Januari 2009. Wafungwa waliohukumiwa kifo waliuliza mambo kadhaa yaliyo tofauti: kama adhabu ya kifo yenyewe inapingana na Katiba, kama sheria inaweza kumlazimisha jaji aitoe bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira ya kosa, kama kumweka mtu miaka mingi akisubiri kamba ni ukatili, na kama kunyonga ni njia halali. Msomaji wa haraka atakuambia kwamba walishinda. Msomaji makini ataona kwamba mahakama iliiacha adhabu ya kifo pamoja na kunyonga, ikakataa adhabu ya lazima, na ikaamua kwamba aliyesubiri zaidi ya miaka mitatu tangu hukumu yake ithibitishwe na mahakama ya mwisho ahesabiwe kuwa na kifungo cha maisha. Ukiweza kuyatenganisha majibu hayo kwenye ukurasa mmoja na kueleza sababu ya kila moja, umekwisha kujiandaa kuliko aliyekariri Katiba nzima. Kigula mwenyewe, nikumbushe, alisomea sheria akiwa gereza la Luzira kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London.

Wala usihangaike na namba za sura za sheria. Toleo la sheria za Uganda lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 limezibadilisha, na daftari la kaka yako aliyemaliza kabla ya hapo litakupoteza.

Mimi ni mzazi wa Busia. Binti yangu amepata nafasi ya sheria katika chuo cha binafsi ambacho ada yake ni nafuu. Nitajuaje kwamba shahada yake itatambuliwa?

Mama, swali lako ndilo ambalo wengi huliuliza wakiwa wamechelewa. Uliza mambo mawili na usikubali jibu la moja tu. La kwanza ni kama programu hiyo ina idhini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. La pili ni kama Baraza la Sheria, ambalo ndilo linalosimamia mafunzo ya wanasheria, limekiidhinisha chuo hicho kufundisha sheria. Majibu utayapata katika mabaraza yenyewe, si kwa mtu wa matangazo ya chuo, ambaye mshahara wake unategemea idadi ya waliojiandikisha.

Pia weka akilini kwamba miaka minne ya shahada humfanya binti yako kuwa mwanasheria, lakini bado hajawa wakili. Baada yake atahitaji diploma ya utendaji wa sheria katika Kituo cha Maendeleo ya Sheria (LDC), taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970 jijini Kampala na ambayo sasa ina kampasi Mbarara na Lira pia, halafu aandikishwe katika orodha ya mawakili. Matokeo ya LDC yamezua mijadala mara kwa mara kwa sababu ya idadi ya wanaoanguka. Chuo cha nafuu ambacho hakikumfundisha kuandika huja kulipiwa huko.

Nilisoma kidato cha sita Tanzania, ingawa kwetu ni Mutukula upande wa Uganda. Naweza kuomba?

Unaweza. Peleka cheti chako UNEB, yaani baraza la mitihani la Uganda, kilinganishwe na matokeo ya S.6 ya Uganda, upate barua, na uiambatanishe na maombi. Anza mapema, maana barua hiyo huchukua muda na dirisha la maombi halikungojei.

Habari ndugu wakili. Mimi ni askari polisi Arua, nina miaka 34 na S.6 sikufaulu vizuri. Je, nimechelewa?

Hujachelewa, afande. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni mtihani wa watu wazima, ambao Makerere, kwa mfano, huufungua kwa mwenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Ya pili ni kusoma diploma ya sheria, ambayo LDC hutoa, kisha kuombea shahada kwa diploma hiyo. Mimi ningekushauri ya pili kama kazi yako inaruhusu, kwa sababu itakuonyesha kama unaupenda usomaji huu kabla hujajifunga kwa miaka minne. Umeandika taarifa za polisi na umesimama kizimbani kama shahidi. Mwanafunzi wa miaka 19 hana hazina hiyo.

Mimi nazungumza Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza. Kitanisaidia chochote katika sheria?

Darasani na mtihanini ni Kiingereza, na ni lazima ukiimarishe. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa Ibara ya 6 ya Katiba, na Ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Wakili anayemwelewa mteja wake moja kwa moja, kabla ya maneno kupita kwa mkalimani, hukamata mambo ambayo mwenzake hayasikii.

Naweza kupata mkopo wa serikali kusomea sheria?

Usiutegemee. Mikopo ya serikali, iliyowekewa sheria mwaka 2014, imelenga zaidi kozi za sayansi na teknolojia, na nafasi za udhamini wa serikali katika sheria ni chache. Piga hesabu ya miaka mitano, yaani minne ya chuo na mmoja wa LDC, ambayo ina ada yake peke yake, kisha uketi na wazazi kabla ya kulipia fomu.