Karatoni inasema 1080p, herufi zina ukungu

Swali: Ndugu mhariri, karatoni ya projekta yangu imeandikwa 1080p (picha ya nukta 1920×1080). Nikiweka kicheza filamu 1080p, maandishi ya chini yanafifia. Kwa nini? (Msomaji, Himbi, Goma)

Jibu: Ndugu msomaji, mara nyingi karatoni hutaja picha ambayo projekta inaweza kupokea, si ile inayoonyesha. Tafuta kwenye kijitabu nukta zake halisi (native resolution), yaani idadi ya vidoa vidogo inavyoonyesha kweli. Za bei nafuu nyingi zina 1280×720 tu. Kama ndivyo, ingia mipangilio ya kicheza filamu, weka 720p, ndiyo hiyo 1280×720. Projekta haitalazimika tena kubana picha, na kubana huko ndiko kunakokula kingo za herufi.

Zima pia urekebishaji wa pembe (keystone, unaonyoosha picha iliyokaa upande): nao huzipinda nukta. Afadhali uinue projekta kwa vitabu viwili hadi iukabili ukuta wima.

4K, yenye nukta nyingi kuliko 1080p? Kwa projekta hiyo, sahau.